Kombe Lililofunuliwa: Ufunuo, Kiyama na Mwisho wa Dunia

Coaster ilikuwa haijafika hata Weruweru mhubiri aliposimama. "Bwana asifiwe, wapendwa." Waliozoea safari ya Moshi kwenda Arusha waliitika, wengine wakaongeza sauti ya simu. Alifungua Ufunuo sura ya 6, akasoma aya tatu za farasi, akaifunga Biblia. Vita tunaviona. Njaa tunaiona. Korona tumeiona. Farasi wote wameshatoka zizini, wapendwa, imebaki parapanda. Kisha ikapita bahasha ya sadaka ya kuezeka kanisa.

Mbele yangu alikaa mama mmoja aliyepakata kikapu cha miche ya parachichi. Akamuuliza kwa ule upole wa kwetu ambao si upole sana: "Mtumishi, bati mnazonunua ni za geji gani? Maana kama dunia inaisha mwaka huu, hata geji thelathini na mbili zinatosha."

Basi zima lilicheka, hata mhubiri. Lakini nilipotulia niliona kwamba yeye na yule mama, pamoja na kupingana kwao, walikuwa wamekubaliana jambo moja bila kulijadili: kwamba Ufunuo ni jina jingine la mwisho wa dunia. Hapo ndipo uzi unapoanza kujifunga fundo.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu Kiswahili kimetupa upendeleo ambao hatuutumii. Kitabu cha mwisho cha Biblia kinaanza, kwa Kigiriki, na neno *apokalypsis*. Ndani yake mna kitenzi chenye maana ya kufunika, na mbele yake kiambishi kinachokigeuza kitenzi hicho. Ni kazi ileile tunayoifanya sisi kwa -ua mwishoni mwa kitenzi: ziba, zibua, tega, tegua, fumba, fumbua, funika, funua. Mtafsiri aliyeandika "Ufunuo" hakukisia. Alilipokea neno la Kigiriki kiungo kwa kiungo. Ni lile tendo la mpishi anayeondoa kifuniko kwenye sufuria ili uone kinachochemka. Chakula hakikuanza kuwepo pale kifuniko kilipoondolewa. Ndivyo ilivyo na Kibo: mgeni akifika Moshi siku ya mawingu anaweza kushinda mjini siku nzima bila kuamini kwamba juu yake kuna mlima wa mita 5,895. Kesho alfajiri mlima umefunuka, naye anasimama barabarani na mswaki mdomoni.

Waingereza wana maneno mawili. Kitabu wanakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kuondoa pazia, na lile la Kigiriki wameliachia wapiga filamu, likawa jina la mabomu, majivu na watu wanaopigania kopo la mwisho la maharage. Sisi tunalo neno moja lililo sahihi, tukalijaza hofu ya filamu hizohizo.

La pili ni kiyama. Mtu akisema "leo kiama" anamaanisha patachimbika. Lakini asili yake ni Kiarabu, mzizi wa kusimama. Ni ndugu wa kaimu, yule anayesimama mahali pa mwingine, na wa makamu. Kwa hiyo kaimu mkurugenzi na Siku ya Kiyama wametoka tumbo moja, ingawa sijui kama wafanyakazi wa ofisi hiyo watashangaa. Kiyama ni kule kusimama: wafu kuinuka, na watu wote kusimama mbele ya Mola wao. Sura ya 83 ya Qurani inaitaja hivyohivyo, siku watakaposimama watu mbele ya Mola wa walimwengu.

Basi tuna neno la kufunua na neno la kusimama. Hakuna hata moja linalotaja kuangamiza. Maangamizi yamo katika maandiko yote mawili, tena mengi, ila hayakupewa heshima ya kuwa jina.

Ufunuo wa Yohana, isitoshe, si kitabu pekee cha aina yake. Ni mwana wa ukoo mkubwa wa maandishi ya Kiyahudi. Kitabu cha Danieli, kwa wataalamu wengi, kilipata umbo lake la sasa siku za mateso ya mfalme Antioko wa 4, ambaye mwaka 167 kabla ya Kristo alilinajisi hekalu la Yerusalemu. Wanyama wanne wa sura ya 7 ni dola nne, mmoja mkali kuliko mwenzake. Kitabu cha kwanza cha Henoko nacho kina malaika walioasi na safari za mbinguni. Kizima chake kimehifadhiwa katika lugha moja tu, Kigeezi cha Ethiopia, ambako Kanisa la Orthodoksi linakihesabu kuwa Maandiko Matakatifu. Ulaya iliyokuwa imekipoteza ilikipata tena kwa nakala zilizobebwa kutoka Ethiopia na msafiri James Bruce mnamo 1773. Huwa nafurahi kuwakumbusha hilo wanaodhani elimu ya mambo haya daima ilishuka kutoka kaskazini.

Kizazi kilichoshuhudia Warumi wakilichoma hekalu mwaka 70 kikaandika mafunuo mengine yakiuliza swali moja: Mungu alikuwa wapi? Ukiyasoma pamoja unaona desturi zao, kama unavyoona desturi za utenzi. Yupo mwonaji, yupo malaika wa kumfafanulia, zipo namba, wapo wanyama ambao ni falme, na mbingu iliyofunguka kama mlango. Msikilizaji wa wakati ule hakuuliza "mnyama huyu ataonekana mwaka gani?" kama ambavyo mtoto wa Kibosho akisimuliwa hadithi ya sungura na fisi hamuulizi bibi yake fisi huyo alikaa mtaa gani.

Yohana aliandika akiwa kisiwani Patmo, kwa makadirio ya wengi miaka ya mwisho ya kaisari Domitiani, karibu mwaka 95. Barua yake ilikwenda kwa makanisa saba yenye anwani: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia, Laodikia. Yote yako katika Uturuki ya leo, na Smirna ungali mji mkubwa, unaitwa Izmir. Tukumbuke hilo la anwani. Hakuna mtu anayewaandikia watu wa Laodikia barua ya kuwaeleza namba za benki za karne ya 21.

Twende kwa 666, maana najua wengine wamevumilia mpaka hapa kwa ajili yake. Waebrania walitumia herufi kama tarakimu, kwa hiyo kila jina lilikuwa na jumla yake. Andika "Neron Kaisari" kwa herufi za Kiebrania: 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200. Jumlisha mwenyewe. Nakala chache za kale zina 616 badala ya 666, na jambo hilo lingeshangaza kama si kwamba jina hilohilo, likitamkwa kwa Kilatini bila "n" ya mwisho, linapungukiwa na 50 kamili. Si wataalamu wote wanaokubali, lakini sijaona ufumbuzi mwingine unaozimeza namba zote mbili kwa pamoja. Yule mwanamke anayekalia milima saba katika sura ya 17 hakuhitaji hesabu hata kidogo. Kila mtoto wa dola ile alijua ni mji gani uliojengwa juu ya vilima saba. Aliitwa Babeli kwa sababu Babeli ya kale ndiyo iliyolibomoa hekalu la kwanza, na Roma la pili.

Na sasa sura ya 18, ambayo wahubiri wa mabasini huiruka kwa sababu haina joka. Babeli umeanguka, na wanaolia ni wafanyabiashara. Wanalia kwa sababu hakuna tena anayenunua shehena yao, na Yohana anaipanga shehena hiyo kama karani wa forodha: dhahabu, fedha, vito, lulu, kitani, hariri, vyombo vya pembe za ndovu, shaba, chuma, marmar, mdalasini, iliki, ubani, mvinyo, mafuta, unga, ngano, ng'ombe, kondoo, farasi, magari. Mwishoni kabisa, baada ya mifugo na vyombo vya usafiri: "na miili na roho za wanadamu."

Msome mtu wa Pwani orodha hiyo bila kumwambia imetoka wapi, atadhani ni daftari la Zanzibar au Bagamoyo la karne ya 19. Pembe zimo, iliki imo, watu wamo. Misafara ya pembe na watumwa ilipanda bonde la Pangani hadi miguuni mwa Kilimanjaro, na wamangi, yaani machifu wa Wachaga wa huku, Rindi wa Moshi akiwa miongoni mwao, walishika sehemu yao ya biashara. Tunayo methali ya kumalizia mazungumzo ya namna hiyo: funika kombe mwanaharamu apite. Yohana anafanya kinyume chake. Anaiacha dola ijipambe, ivae zambarau na dhahabu, kisha anaondoa kifuniko na kumwonyesha msikilizaji kilicho chini: mtu aliyeorodheshwa baada ya farasi. Huo ndio ufunuo kwa maana yake ya kwanza. Hata yule farasi mweusi wa sura ya 6, aliyesomwa kwenye Coaster kwa sauti ya radi, ameandamana na sauti inayotaja bei ya soko: kibaba kimoja cha ngano kwa dinari, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa. Mafuta na divai visiguswe. Anayejua Kiboriloni siku ya soko ataelewa haraka kuliko profesa: chakula cha maskini kimepanda, starehe ya mwenye nacho iko palepale.

Kuna mambo ambayo watu huapa yamo katika Ufunuo na hayamo. Jina Mpinga Kristo halimo, linapatikana katika nyaraka za Yohana. Har-Magedoni imetajwa mara moja tu. Unyakuo unatokana na Wathesalonike, na fundisho la kwamba waumini watanyakuliwa kwanza ili wasipitie dhiki kuu lilienezwa na John Nelson Darby katika karne ya 19. Tena kitabu chenyewe hakikupendwa na kila mtu. Martin Luther aliandika mwaka 1522 kwamba roho yake haikubaliani nacho, kisha miaka minane baadaye akalegeza msimamo. Nilipomweleza hivyo mzee mmoja wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, alinitazama kama nimemsengenya baba yake.

Upande wa Uislamu hakuna kitabu kimoja cha mambo haya. Kiyama kimetapakaa Qurani nzima, hasa sura fupi za mwishoni ambazo watoto wa madrasa huanza nazo: ardhi itakapotikiswa mtikiso wake, jua litakapokunjwa, mbingu itakapopasuka. Sura ya 75 imebeba jina la Kiyama lenyewe. Yajuju na Majuju wamo Qurani. Masihi Dajali yumo katika hadithi za Mtume, Qurani haimtaji. Na juu ya saa yenyewe Qurani inasema ujuzi wake uko kwa Mola peke yake, kauli inayokaa vizuri kando ya Marko 13, pale Yesu anaposema siku hiyo hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana.

Kwenye Coaster ile alikuwemo mzee wa kofia ya kiua, akirudi Arusha. Alinyamaza mahubiri yote, mpaka macho yake yalipotua kwenye kikapu. "Mama," akasema, "sisi tumeambiwa Kiyama kikisimama na mkononi una mche, ukiweza kuupanda, upande."

"Kumbe," akajibu mama. "Basi na maji nitamwagilia?"

Hadithi aliyoitaja imepokewa kwa Anas bin Malik, na inawapa tabu wanaodhani kuwaza mwisho ni kuacha kazi.

Tabu nyingine inatoka kwa waliotaja tarehe. Mkulima wa Marekani William Miller alipiga hesabu za Danieli, na wafuasi wake wakaipata tarehe 22 Oktoba 1844. Usiku ukapita, kukakucha. Baadhi ya waliovunjika moyo walirudi kwenye maandiko, wakasema tarehe ilikuwa sawa ila tukio lilikuwa mbinguni, na kutoka kwao likazaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo mwaka 1903 lilianza kazi katika milima ya Upare, jirani zetu hapa. Nawaheshimu kwa jambo moja: waliokesha wakisubiri mwisho waliishia kujenga shule na hospitali. Si wote walioishia hivyo. Kanungu nchini Uganda, Machi 2000, mamia waliteketea katika kanisa lililokuwa limefungwa. Shakahola nchini Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Mungu. Maandishi yaliyoandikwa kuwafungua macho waliokandamizwa yaligeuzwa kamba mkononi mwa mkandamizaji. Huko ni kufunika, hata kama kila siku lilisomwa neno Ufunuo.

Je, kila janga ni ufunuo? Wamaasai wanayo miaka wanayoiita Emutai, maana yake kufutika. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilianza mnamo 1883, sotoka ikafuata karibu na 1891, kisha ndui kwa watu, na ukame juu yake. Msafiri wa Austria Oscar Baumann alipita Ngorongoro mwaka 1892, akakuta Wamaasai waliobaki mifupa, mashujaa wakitambaa. Kwa jamii ambayo ng'ombe ni chakula, mahari, sadaka na lugha, ile haikuwa hasara, ilikuwa dunia imekwisha. Lakini janga peke yake ni janga. Linakuwa ufunuo pale anapotokea mtu wa kulisoma. Simulizi zinasema laiboni Mbatiani, mtabiri wao mkuu, kabla hajafa, alikuwa ameona ng'ombe wakiisha na wageni weupe wakija. Iwe aliona kabla, au waliobaki walimkumbuka hivyo baadaye, kazi ya simulizi ni moja: kuyapa maumivu mahali pa kusimama. Danieli alifanyiwa kazi hiyohiyo.

Fasihi ndiyo iliyoirithi kazi hiyo, na hapa Kiswahili kina hazina ambayo sielewi kwa nini haitajwi kwanza. Mshairi wa Pate, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 19, aliandika utenzi akauita Al-Inkishafi. Kwa Kiarabu *inkishafi* ni kufunuka. Ni *apokalypsis* kwa lugha nyingine! Ndugu yake aliyezoeleka mitaani ni kashfa, yaani jambo lililofichwa likaanikwa. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauzungusha katika magofu ya Pate, mji uliokuwa na mataa, vyombo vya kaure, na mabwana waliotembea wakitikisa mabega. Madaka yaliyopangwa visahani sasa yanalala makinda ya ndege. Bundi anakoroma katikati ya nyumba. Popo wananing'inia. Moyo, unaona? Kisha, baada ya magofu, inakuja Siku ya Hukumu na moto wake.

Tazama mpangilio. Mshairi haanzi na Kiyama ili kututisha tuikimbie dunia. Anaanza na nyumba ya jirani. Utajiri wa Pate ulikuwa wa biashara ileile ya bahari iliyomo katika sura ya 18 ya Yohana, na kilio ni kilekile, ila Yohana anafurahia kuanguka kwa mji wa adui, naye Sayyid Abdallah anaomboleza mji wa kwao. Kwangu, huyu wa Pate amefanya jambo gumu zaidi. Kulifunua kombe la mwingine kunahitaji ujasiri. Kufunua la nyumbani kunahitaji na machozi.

Waliofuata wamelitumia umbo hilo kila mmoja kwa haja yake. Mwaka 1919, Ulaya ikiwa bado inanuka maiti za vita, mwairishi W. B. Yeats aliandika shairi la mnyama anayejikokota kwenda kuzaliwa Bethlehemu. Chinua Achebe akachukua maneno ya shairi hilo kuwa jina la riwaya yake ya 1958, ambayo kwa Kiswahili tunaisoma kama Hamkani si Shwari Tena. Ulimwengu unaokwisha humo ni kijiji cha Umuofia, na wanaoumaliza wamebeba Biblia yenye Ufunuo ndani yake. Hapo mnyama na mhubiri wamekaa kiti kimoja, nami sidhani Achebe hakuliona hilo.

Rudi sasa kwenye kurasa za mwisho kabisa za Yohana, kwa sababu watu wengi huchoka kabla ya kufika. Dunia haiachwi. Hakuna anayepanda juu kuikimbia. Mji ndio unaoshuka chini, malango yake hayafungwi, na kando ya mto wake umesimama mti ambao majani yake ni ya kuwaponya mataifa. Halafu linakuja agizo ambalo wasikilizaji waliokuwa wakimjua Danieli lazima liliwashtua. Danieli aliambiwa ayafunge maneno na kukitia kitabu muhuri hadi wakati wa mwisho. Yohana anaambiwa: usiyatie muhuri. Kiache wazi, kisomwe. Na kusomwa kwenyewe, sura ya 1 inasema, ni mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, mpaka mwisho.

Nimewahi kujaribu. Kukisoma chote kwa sauti, bila kukimbia, ni saa moja na robo hivi. Mhubiri wetu angeanza sura ya 1 tulipotoka stendi ya Moshi, tungekaribia Usa River yeye akiwa kwenye mto wa maji ya uzima, na yule mama angesikia habari za mti. Lakini mama alishuka Kwa Sadala na miche yake, konda akimshikia kikapu, na mhubiri akashuka Boma Ng'ombe na bahasha. Alikuwa amesoma aya tatu.